Ramani ya Watu Wote ni Mali ya Nani?

Mwenye karatasi ya somo na afuate maneno kwa kidole. Leo tutazungumza juu ya kazi inayofanywa na watu wengi pamoja, na tutauliza: kazi hiyo ni mali ya nani?

Tuanze Nairobi. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walipita vichochoroni wakiwa na vyombo vidogo vinavyopokea ishara za setilaiti na kuonyesha mahali mtu aliposimama. Waliandika njia, zahanati, shule na mahali pa maji. Kabla ya hapo, ramani nyingi ziliionyesha Kibera kama mahali patupu. Kazi yao waliitia katika ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam nao walianza kazi ya Ramani Huria, ili mitaa inayofurika maji ijulikane vizuri.

Sasa fikiri. Umetembea juani, umeandika jina la mtaa wako. Je, mtu akiifungia ramani hiyo na kukudai fedha ili uitazame? Je, wasimamizi wakibadili kanuni, nawe hukubali? Hapa ndipo leseni inapofaa. Leseni ni hati ya ruhusa.

Tangu Septemba 2012, ramani hii hutumia leseni ya hifadhidata, yaani ya hazina ya habari zilizopangwa. Kwa kifupi huitwa ODbL. Inamruhusu kila mtu kuichukua hazina hiyo, kuitumia, kuibadili, hata kuiuza. Lakini ana masharti. Kwanza, ataje ilikotoka. Pili, akiibadili na kuitoa kwa watu, aitoe kwa leseni hiyo hiyo. Tatu, akiitia kufuli la kitaalamu, atoe pia nakala isiyofungwa.

Leseni ya kwanza ilitungwa hasa kwa kazi kama vitabu, picha na nyimbo. Lakini ramani hii ni mkusanyo wa habari: mto uko hapa, njia inapita pale. Katika nchi nyingi hakimiliki haimpi mtu umiliki wa habari tupu kama hizo. Kwa hiyo leseni ile ilionekana dhaifu.

Wachoraji waliulizwa kama wanakubali mabadiliko. Wengine walikataa, na mwaka 2012 kazi yao iliondolewa. Baadhi yao hawakuishia kunung'unika. Walichukua nakala ya ramani ya zamani, kwa leseni ya zamani, wakaanzisha ramani yao iitwayo FOSM. Leseni iliwaruhusu. Hiyo ndiyo haki ya kujitenga.

Haki hii si kama kugawana shamba. Shamba likigawanywa, kila mmoja hupata kipande. Ramani ikinakiliwa, ya kwanza hubaki nzima. Lakini nakala haiji na watu. Barabara mpya ikijengwa, nani ataiandika? Waliojitenga walikuwa wachache. Wachoraji wengi walibaki katika ramani ya kwanza. Jina nalo halikuondoka.

Basi haki hii ina faida gani? Ni kama mlango wa uani. Hupiti hapo kila siku, lakini ukijua upo, huogopi kufungiwa ndani. Na msimamizi ajuaye kwamba watu wanaweza kuondoka na nakala yao, huwasikiliza mapema. Kwa hiyo, kabla ya kutoa jasho lako katika kazi ya pamoja, uliza leseni yake inasema nini.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Leseni ni nini?
2. Mtu aliyeibadili hazina ya ramani na kuitoa kwa watu ana masharti gani?
3. Kama ungekataa leseni mpya, ungejitenga au ungebaki? Kwa nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.