Kuziba si kunyamazisha: bomba la moshi la gari la baba mdogo

Baba mdogo anakaa Ng'ambo, hapa Tabora mjini, na kwa miaka miwili amekuwa akiunda gari uani kwake. Chasisi na injini ya silinda nne ni za pikapu ya zamani, kadi ipo. Vingine vyote, kuanzia bodi mpaka viti, amevikata na kuvichomelea mwenyewe. Anataka limbebee asali kutoka Sikonge. Mwezi Juni, msimu wa kurina ukiwa umechanganya, alilipeleka kukaguliwa. Mkaguzi hakufika hata kwenye taa. Alisema liwashwe, akasikiliza kama sekunde tano, akasema lizimwe. "Mzee, hili gari au mashine ya kukoboa? Kashughulikie kelele kwanza."

Mimi nilikuwa nyumbani likizo. Nilipomwamkia tu, jibu likaja na kazi juu yake: "Marahaba. Wewe si ndiyo unasomea mawimbi huko chuoni? Haya, njoo uyanyamazishe haya."

Kwanza tuelewane kelele inatoka wapi. Wengi hudhani tunasikia moto ukilipuka ndani ya silinda. Sivyo hasa. Moto ukishasukuma pistoni, valvu ya kutolea moshi hufunguka wakati gesi ndani bado ina kani kubwa kuliko hewa ya nje. Gesi ile huchomoka kwa kishindo, kama unapotoa kizibo cha chupa ya soda iliyotikiswa, na kila kishindo ni pigo moja la sauti kwenye bomba. Injini yetu, kila silinda hutoa pigo moja kwa mizunguko miwili. Silinda ziko nne, kwa hiyo ni mapigo mawili kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 3000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde, tunapata mapigo 100 kwa sekunde. Huo ndio mvumo mzito unaousikia kifuani. Juu yake kuna sauti kali zaidi, za mara 200, 300, 500 na kuendelea, ambazo ndizo zinazokera masikio.

Fundi wa jirani alikuwa ameshatoa tiba yake: alibana mwisho wa bomba kwa nyundo mpaka likabaki tundu la kidole gumba. Kelele ilipungua kidogo kweli, ila gari likaanza kuhema. Moshi usipotoka wote, silinda haina nafasi ya kuvuta hewa mpya ya kutosha. Nguvu inashuka, injini inachemka, mafuta yanaliwa. Na ile gesi inayopenya kwenye tundu dogo kwa kasi huanza kupiga mluzi. Umebadilisha ngoma kwa filimbi.

Shida ni kwamba tunafikiria sauti kama maji, kwamba ukiziba inakoma. Sauti ni mawimbi. Gesi yenyewe lazima ipite, kinachotakiwa ni kuliacha wimbi nyuma. Na wimbi lina tabia moja nzuri sana: likikuta njia imepanuka ghafla au imebanwa ghafla, sehemu yake hugeuka na kurudi lilikotoka. Ndiyo maana ndani ya sailensa nyingi utakuta chemba tupu. Ukikata sailensa mbovu ukaona hakuna kitu ndani, usidhani umeibiwa. Ule utupu ndio unaofanya kazi.

Upana wa chemba ndio kila kitu. Bomba letu lina kipenyo cha sentimita 4. Kwenye vyuma chakavu tulipata kipande cha bomba la chuma la kisima kirefu, kipenyo sentimita 16. Kipenyo ni mara nne, lakini eneo la mdomo ni mara kumi na sita, na ni eneo linalohesabika. Nilipiga hesabu kwa chemba ya urefu wa sentimita 50: kwenye mvumo wa mara 100 kwa sekunde, inapunguza desibeli 13 hivi. Chemba ya urefu uleule yenye kipenyo cha sentimita 8 ingepunguza 3 tu. Na desibeli si kama kilo. Ukipunguza 10, nishati ya sauti imebaki sehemu moja ya kumi, na sikio linasema kelele imepungua nusu.

Urefu nao una mambo yake. Kwenye moshi wa moto wa nyuzi kama 350, sauti hukimbia karibu mita 500 kwa sekunde, si zile 340 na kitu za hewa ya kawaida. Kwa mapigo 100 kwa sekunde, wimbi moja lina urefu wa mita 5. Chemba hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa robo ya wimbi, kwa sababu wimbi linaloingia ndani na kurudi huwa limepishana kabisa na linalokuja, yanauana. Robo ya mita 5 ni mita moja na robo. Chini ya pikapu nafasi hiyo hatuna, ndiyo maana tukategemea upana. Lakini kuna mtego: chemba ikiwa sawa na nusu ya wimbi, mawimbi yanakubaliana, na sauti inapita kama vile hukuweka kitu. Kwa sentimita 50, mtego huo uko kwenye mara 500 kwa sekunde. Hiyo ni sauti kali kabisa.

Dawa ni chemba ya pili yenye urefu tofauti. Tuliikata sentimita 30, ambayo kwenye mara 500 iko karibu na ubora wake wote. Ndani yake tukapitisha bomba lililotobolewa matundu mengi, tukalizungushia sufi ya kioo tuliyoitoa kwenye jiko bovu la umeme. Sauti kali zikipenya kwenye nyuzi zile hugeuka joto. Fundi alipendekeza stili waya ya kusugulia sufuria. Inafanya kazi, ila nyuzi zake nyembamba huungua haraka na kupeperushwa nje. (Ukishika sufi ya kioo vaa glavu na barakoa. Mimi sikuvaa glavu, nikajikuna siku mbili.)

Mji huu una historia na kelele. Misafara ya karne ya 19 kutoka pwani ilipokaribia Unyanyembe ilifyatua bunduki hewani ili wenyeji wajue wageni wamefika. Baba mdogo anasema hata yeye asali yake inahitaji tangazo. Nikamjibu kwa hesabu. Mwongozo unaotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani, NIOSH, unaruhusu desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja. Desibeli 100 ni dakika kumi na tano. Safari ya Sikonge na gari lile inazidi saa moja, na yeye tayari televisheni anaiwasha mpaka majirani wanafuata taarifa ya habari.

Kitu nilichogombana naye kweli ni viungo. Alitaka tuache mshono mmoja usiochomelewa vizuri, eti mlio mdogo hauna shida. Mlio kwenye kiungo ni moshi unaotoka, na ndani ya moshi kuna kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Sakafu ya gari lake ina matundu ya nati kila mahali. Tulichomelea upya, tukaweka gasketi, tukaziba matundu, na mdomo wa bomba tukautoa nyuma kabisa kupita bodi.

Uingereza gari la kujiundia hupimwa kwa kifaa, nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa robo tatu ya mizunguko yake ya nguvu ya juu, na kikomo ni desibeli 99. Sisi tulitumia simu, mahali palepale, mizunguko ileile. Simu haiaminiki kwa namba yenyewe, ila tofauti ya kabla na baada inatosha kujua unakwenda wapi. Ilishuka 14.

Jumatatu tukarudi. Mkaguzi yuleyule, akasema liwashwe, akainama nyuma, akasikiliza, akaomba likanyagwe mafuta, akasikiliza tena. Akaandika kitu. Kisha akaingia ndani, akavuta breki ya mkono, akasukuma gari kwa bega. Likaenda.

"Hii nayo mkarekebishe," akasema.