Mbuni Ina Njia Yake

Msimu wa kahawa unapofika, mkulima wa Othaya au Tetu hamimini mavuno yake moja kwa moja kwenye mashine ya faktori. Huyamwaga kwanza chini, akaketi kuchambua. Tunda jekundu lililoiva huenda kwenye mizani, kisha kumenywa. Lililo bichi, lililokaukia mtini au lililotobolewa na wadudu hutengwa, likaanikwa na maganda yake, nalo ndilo mbuni. Mbuni haitupwi. Huuzwa, ila kwa bei yake ya chini. Kinachokatazwa ni kuichanganya, kwa maana punje chache mbovu huweza kuharibu ladha ya kahawa nzuri iliyo tangi moja nazo.

Programu ya kompyuta nayo huchambua. Katika Linux na mifumo yote ya ukoo wa Unix, programu ikianza kazi hukuta mikondo mitatu imekwisha kufunguliwa: mkondo wa 0 unaoleta data, wa 1 unaotoa majibu, na wa 2 unaopokea makosa na maonyo. Huo wa 2 haukuwapo tangu mwanzo. Katika maabara za Bell nchini Marekani, makosa na majibu yalipita mlango mmoja hadi toleo la sita la Unix, la mwaka 1975. Adha ilizidi pale majibu ya programu moja yalipoanza kumiminwa moja kwa moja ndani ya nyingine: iliyongoja takwimu ikalishwa malalamiko. Ndipo Dennis Ritchie akayafungulia makosa mfereji wao.

Tuchukue programu ya kujumlisha kilo za wanachama wa ushirika. Karani ameandika herufi O mahali pa sifuri, na programu inaonya: “Mstari wa 41 hausomeki.” Onyo hilo likipita mkondo wa 1, litaingia katika faili ya malipo, katikati ya majina na kilo, na programu inayofuata inaweza kuidhania 41 kuwa kilo za mtu. Likipita mkondo wa 2, faili inabaki safi na karani analiona onyo papo hapo.

Wanafunzi huuliza: mbona kwenye skrini majibu na maonyo hutokea pamoja? Ni kwa sababu mikondo yote miwili imeelekezwa skrini. Andika alama > ili majibu yaende kwenye faili, na onyo litabaki mbele ya macho yako. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mkondo wa pekee hurahisisha kuficha makosa, kwani mtu huweza kuumwaga wote kwenye /dev/null, shimo lisilorudisha kitu. Ni kweli, na hufanyika. Lakini huyo amechagua kutosikia. Mwenye faili iliyochafuka hakuchagua lolote, naye hana habari. Tena makosa yaliyotengwa huhifadhika: 2> makosa.txt, nayo yanasubiri kusomwa, kama mbuni juu ya meza yake ya kuanikia.

Kwa hiyo wewe unayejifunza kuandika programu pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Karatina au Kirinyaga, usiyachapishe maonyo yako kwa print tupu. Katika Python ongeza file=sys.stderr, katika C tumia fprintf na stderr. Ni maneno machache, na faili ya malipo ya mkulima inayategemea.