Sukari Inaposhuka kwa Mjamzito Mwenye Kisukari

Ushauri mwingi anaopewa mjamzito mwenye kisukari huhusu sukari iliyopanda, nao ni ushauri wa haki, kwa kuwa sukari ya juu humdhuru mama na mtoto aliye tumboni. Hata hivyo, sukari kushuka kupita kiasi ni hatari isiyozungumzwa vya kutosha, ingawa inaweza kumpotezea mama fahamu kwa muda mfupi.

Sukari huhesabiwa kuwa imeshuka inapokuwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita. Hatari hii huwakabili hasa wanaotumia insulini, na pia wanaotumia vidonge kama glibenklamidi. Metformini ikitumiwa peke yake huisababisha kwa nadra.

Kipindi cha kuchunga zaidi ni miezi ya mwanzo. Wakati huo mwili huitikia insulini kwa wepesi, huku kichefuchefu kikimzuia mama kula. Akijidunga dawa asubuhi kisha akatapika chakula, insulini hubaki mwilini bila chakula cha kuishughulikia. Katika nusu ya pili ya ujauzito mambo hugeuka: homoni za kondo la nyuma huidhoofisha insulini, na dozi hulazimika kuongezwa. Kondo likishatoka, mahitaji hayo huporomoka ghafla. Kwa hiyo dozi ya mwisho wa ujauzito haipaswi kuendelezwa wodini bila kupunguzwa.

Dalili ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuchanganyikiwa. Kwa kuwa baadhi yake hufanana na uchovu wa kawaida wa mimba, hupuuzwa kwa urahisi. Aliyeishi na kisukari miaka mingi huenda asizihisi kabisa. Kipimo ndicho kinachokata shauri. Kisipokuwapo, mama atibiwe kana kwamba sukari imeshuka.

Mama aliye na fahamu apewe mara moja gramu 15 za sukari: vijiko vinne vya chai, visivyojaa sana, vilivyokorogwa katika maji, au mililita 150 za soda yenye sukari. Baada ya dakika 15 apime tena, na kama bado iko chini, arudie. Ikishapanda, ale mkate, ndizi au uji ili isishuke upya. Ugali na maziwa havifai kuwa tiba ya kwanza, kwani hupandisha sukari polepole.

Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote kinywani, maana anaweza kupaliwa. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali haraka, ambako atapewa glukosi kwa njia ya mshipa. Sindano ya glukagoni, pale inapopatikana, inaruhusiwa katika ujauzito. Mume, mama mkwe au yeyote anayelala nyumba moja naye afundishwe hatua hizi mapema, kwa sababu sukari hushuka hata usiku.

Baada ya tukio kama hilo, baadhi ya akina mama huacha insulini kwa hofu. Hilo huleta madhara makubwa zaidi. Linalotakiwa ni kurudi kliniki na kumbukumbu za vipimo ili dozi irekebishwe. Mhudumu naye, akiona mahitaji ya insulini yamepungua ghafla miezi ya mwisho, achunguze bila kukawia hali ya mtoto na ya kondo.