Mlango Uvunjwe kwa Bei Gani?

Katika michezo ya kuigiza inayochezwa mezani, msimamizi hueleza kilichopo, wachezaji husema wahusika wao wanafanya nini, na penye shaka dadu huamua. Vitabu vya michezo hii vina kurasa nyingi za kupigana na mazimwi. Lakini mchezo huweza kukwama kwenye jambo dogo zaidi: mlango umefungwa, ufunguo haupo, na mchezaji mmoja ambaye mhusika wake ana shoka anasema, "Nauvunja." Hapo msimamizi huanza kupekua kurasa. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba vitabu vingi vimejishughulisha mno na ugumu wa kitu, vikalisahau swali linalobeba mchezo wenyewe, yaani anayekivunja atalipa nini.

Tuanze na vitabu vilivyopima ugumu kwa uangalifu. Toleo la 3.5 la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2003, lilikipa kila kitu namba mbili: ugumu, ambao hupunguzwa kwenye kila pigo kabla halijadhuru, na pointi za uhai, ambazo zikiisha kitu kimeharibika. Mbao ina ugumu wa 5 na pointi 10 kwa kila inchi ya unene, jiwe 8 na 15, chuma 10 na 30. Sasa mweke mtu wa nguvu za kawaida mbele ya mlango wa mbao wa inchi moja, umpe kisu. Dadu ya kisu ina nyuso 4, kwa hiyo pigo lake kubwa kabisa ni 4, na ugumu unameza 5. Atachoma usiku kucha na mlango hautapungukiwa hata na pointi moja. Mpe shoka kubwa lenye dadu ya nyuso 12, na kwa wastani pointi mbili na kidogo zitapenya kila linapotua. Mapigo manne au matano yanatosha, na kwa kuwa kila raundi, yaani zamu ya pigo moja, ni sekunde 6, kazi imekwisha ndani ya nusu dakika. Kamba nayo ina pointi 2 tu na haina ugumu wowote, kwa hiyo kisu kilekile kilichoshindwa na mlango huikata kwa pigo moja au mawili. Lakini aliyefungwa kwa kamba hiyo akitaka kuikatisha kwa misuli anatakiwa kufikisha 23 kwa dadu ya nyuso 20, na mwenye nguvu za kawaida hafiki kamwe. Namba hizi zinasema kweli kuhusu vitu: kifaa sahihi ndicho kinachofanya kazi, nguvu hufuata nyuma.

Mwaka 2014 toleo la tano liliuondoa ugumu ili kurahisisha hesabu. Kila kitu kikapewa namba ambayo dadu lazima iifikie ili pigo lihesabike, 11 kwa kamba na nguo, 15 kwa mbao, 17 kwa jiwe, 19 kwa chuma, pamoja na pointi za uhai zinazotokana na ukubwa na uimara wake. Kitu imara cha ukubwa wa pipa kina wastani wa pointi 18. Fanya hesabu ya mtu yule mwenye kisu: pamoja na nyongeza ya ujuzi wake anapata mara 8 kati ya 20, kila akipata anaondoa pointi mbili na nusu, kwa hiyo pipa lote la mbao linasambaratika chini ya dakika mbili. Fundi seremala angeomba aonyeshwe kisu hicho. Kitabu chenyewe kililiona tatizo, kikamwambia msimamizi atumie busara, kwani upanga utavunjika kabla ya ukuta wa mawe.

Wapo wanaosema basi busara hiyo iachiwe kila kitu na majedwali yafutwe. Ni hoja yenye nguvu, maana msimamizi mzuri anajua kwamba chupa hupasuka na nanga haipasuki. Lakini mchezaji hupanga mambo kabla ya kutenda. Aliyebeba shoka kwa safari nzima, akaacha kubeba kitu kingine, anastahili kujua mapema kwamba shoka lake litafungua milango. Kanuni ikikaa kichwani mwa mtu mmoja tu, wengine hawana cha kupanga, wanabaki kuomba ruhusa. Jedwali fupi linaloonekana na wote huwapa wachezaji haki hiyo, hata kama namba zake ni za kukadiria.

Linalokosekana kwenye majedwali hayo ni bei, na ajabu ni kwamba vitabu vya zamani vya mchezo huohuo, vilivyokuwa na fizikia duni zaidi, vilikuwa nayo. Katika kitabu cha wanaoanza cha mwaka 1981, kilichohaririwa na Tom Moldvay, mlango uliokwama hufunguka dadu ya nyuso 6 ikitoa 1 au 2. Ukishindwa mara ya kwanza, umepoteza nafasi ya kuwashtukiza waliomo ndani, kwa sababu wamekusikia. Wakati huohuo saa ya pango inakwenda, na kila baada ya dakika 20 msimamizi anarusha dadu kuona kama kuna kiumbe kinachokuja. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilikuwa kikali zaidi juu ya kukunja nondo: mwenye alama 18 za nguvu alikuwa na nafasi ya asilimia 16, na nondo zile akizijaribu zikamshinda, hapewi mara ya pili. Hakuna hata moja kati ya kanuni hizi inayojua unene wa mbao. Lakini zote zinamfanya mchezaji asimame, awatazame wenzake na kuuliza kama kweli inafaa. Toleo la 3.5, pamoja na usahihi wake wote, liliruhusu mtu asiye na haraka ahesabiwe kuwa amepata 20 baada ya dakika mbili za kujaribu. Pasipo anayesikia na pasipo saa inayokwenda, dakika hizo mbili ni bure.

Bei inaonekana wazi zaidi kitu kinapokuwa cha mchezaji mwenyewe. Mwongozo wa msimamizi wa mwaka 1979 ulikuwa na jedwali la vitu kwa malighafi zake, kioo, ngozi, karatasi, chuma, na kila kimoja kilirushiwa dadu moto ulipompata mwenyewe. Ilikuwa haki, lakini ilikuwa ndefu, na mchezaji alikaa tu akihesabu hasara. Mchezo mwingine, Pathfinder, katika toleo lake la mwaka 2019, ulipata njia bora. Ngao ya chuma ina ugumu wa 5 na pointi 20, ikishuka hadi 10 haifai tena mpaka itengenezwe, na mchezaji mwenyewe ndiye anayeamua, pigo likishatua, kama alikinge kwa ngao au alipokee mwilini. Hasara ileile, lakini ameichagua.

Atakayeogopa kwamba shoka litaua mafumbo yote, kwamba hakuna atakayetafuta ufunguo tena, ajue kwamba hilo hutokea pale tu kuvunja kunapokuwa bure. Ufunguo uko kimya na shoka lina kelele; mlinzi akiwa ndani, njia zote mbili zinabaki na maana. Katika toleo la mwaka 2024 la Dungeons & Dragons, jedwali la kuvunja vitu limehamia kwenye kitabu cha wachezaji, mahali panapolistahili. Safu ya muda na kelele bado haimo. Msimamizi, iandike wewe kwa kalamu pembeni, na uwaonyeshe wachezaji wako kabla shoka halijainuliwa.