Kijana, Simu na Hiari Yake

Panapozungumzwa habari za vijana na simu, iwe barazani au katika kikao cha wazazi na walimu, swali litanguliapo aghalabu ni la saa: mtoto huyu huishika kwa muda gani kwa siku? Ni swali la haki, lakini halifiki kwenye shina la jambo, kwa kuwa yupo kijana awezaye kushinda akiandikiana na rafiki zake asidhurike, na yupo mwingine ambaye, kwa muda mfupi kuliko huo, ameshapoteza hiari yake.

Mwaka 2022 watafiti wanaoshirikiana na Shirika la Afya Duniani waliwauliza vijana wapatao 280,000, wenye umri wa miaka 11, 13 na 15, katika nchi na majimbo 44 ya Ulaya, Asia ya Kati na Kanada, nao hawakutosheka na hesabu ya saa. Yalikuwa maswali tisa: je, umejaribu kupunguza mitandao ya kijamii ukashindwa? Waona dhiki unapozuiwa? Umewadanganya wazazi juu ya muda unaoutumia? Huikimbilia ili kuondoa majonzi? Na mengine ya namna hiyo. Aliyekiri sita au zaidi alihesabiwa kuwa ameshatekwa, na waliotekwa walikuwa asilimia 11, ilhali mwaka 2018 walikuwa 7; wasichana 13, wavulana 9. Hao hulala kwa kuchelewa, usingizi wao ni haba, na nafsi zao hazina raha kama za wenzao. Lakini wale watumiao kwa wingi pasipo kushindwa kujizuia walisema kwamba wana rafiki wa kuwategemea na kwamba wameungana vema na watu. Na jambo hili, kwa maoni yangu, ndilo lenye thamani kubwa katika uchunguzi wote.

Ndipo tufahamu kwa nini Amy Orben na Andrew Przybylski wa Oxford, walipopima mwaka 2019 takwimu za vijana zaidi ya 355,000 wa Marekani na Uingereza, walikuta kwamba matumizi ya vyombo vya kidijitali hayaelezi zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za raha ya nafsi. Wako walioishika hesabu hiyo kuwa hoja kwamba hapana neno. Siafikiani nao, kwani wastani huwachanganya walio salama na waliozama, na dhiki ya wachache ikapotea katika wingi.

Na kwa nini vijana hasa? Mwaka 2016, huko Los Angeles, vijana 32 wa miaka 13 hadi 18 walionyeshwa picha huku bongo zao zikitazamwa kwa mashine: picha iliyoonekana kupendwa na wengi iliamsha zaidi ile sehemu ya ubongo ipokeayo furaha ya tuzo, na walipotazama picha za mambo ya hatari, sehemu zizuiazo pupa zilipungua kazi. Tuzo yenyewe haiji kwa mpango. Kama mvuvi wa mshipi, ambaye kutojua samaki atakula lini ndiko kumkalishako mwambani hadi magharibi, kijana hurudi na kurudi kutazama nani amempenda. Usiku unakatika, naye kwa umri wake ahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Mwaka 2022 Orben na wenzake walionyesha, kwa vijana wa Uingereza, kwamba msichana wa miaka 11 hadi 13 na mvulana wa miaka 14 na 15 wakizidisha mitandao, aghalabu huridhika na maisha kwa uchache mwaka ufuatao. Na kinyume chake pia, kwamba aliyepungukiwa na raha huizidisha baadaye. Basi mzazi amnyang'anyaye simu mwana mwenye huzuni aweza kuiondoa simu na kuiacha huzuni mahali pake. Afadhali akae naye faraghani, amwulize kwa upole yale waliyouliza watafiti, asikilize mpaka amalize, na mambo yakiwa mazito ampeleke kwa tabibu. Tabibu huyo atalikuta tatizo la michezo ya kompyuta katika orodha ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, na la mitandao ya kijamii hatalikuta. Lakini kukosa usingizi na sononi ni maradhi ayajuayo, na dawa zake zipo.