Macho ya Mtumishi ni Mali ya Umma

Mwananchi wa Mafia anayevuka bahari kutoka Kilindoni hadi Nyamisati kufuata shughuli yake ofisini Bara, hurudi na furaha au huzuni kwa kadiri ya macho ya karani. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, safari nzima huwa bure. Ndiyo maana leo tunazungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo: umbali baina ya macho ya mtumishi na kioo cha kompyuta.

Nchi yetu haikuipokea mashine hii kwa pupa. Ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wake. Marufuku hayo yamekwisha, na leo kompyuta imeshika mahali pa jalada na mashine ya chapa. Tumezoea kuuliza inagharimu shilingi ngapi. Ni mara chache tunauliza inamgharimu nini anayeikabili kutwa.

Katika ofisi moja ya mwambao tulimwona karani ameinama, pua karibu iguse kioo. Dirisha lilikuwa nyuma yake, na jua la asubuhi litokalo baharini lilifuta maandishi yote. Watu waliokuwa wakingoja walimwita mvivu. Kosa halikuwa lake. Meza yake ilikuwa nyembamba, iliyochongwa kwa ajili ya majalada.

Waliosoma chuoni wanaikumbuka marufaa: msahafu uliwekwa mahali pake, na msomaji akakaa mahali pake. Kompyuta nayo ina adabu yake. Kioo kikae umbali wa mkono ulionyooshwa, yaani kati ya sentimita 50 na 100, na ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho. Kikiwa karibu mno, misuli ya macho hukaza bila kupumzika; kikiwa mbali mno, mtu huinama, na shingo na mgongo hulipa. Herufi zikiwa ndogo, zikuzwe herufi, kiti kisisogezwe. Dirisha liwe ubavuni.

Wataalamu hawasemi kwamba kompyuta hupofusha. Husema kwamba anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache, yakakauka na kuwasha. Basi kila baada ya dakika 20, atazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20. Sisi wa Pwani Mola ametujalia bahari: tanga la jahazi latosha. Na waliofikia miaka arobaini wakumbuke kwamba miwani ya kusomea kitabu hutengenezwa kwa umbali mfupi kuliko wa kioo. Wamweleze mpimaji wa macho umbali wa kazi yao.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 kwa Bara, na ile ya mwaka 2005 kwa Zanzibar, zimemtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi. Tunawaomba ndugu viongozi wasingoje semina. Kugeuza meza hakuhitaji fungu la bajeti. Kupima macho na kununua meza pana kunahitaji, na viingizwe katika makisio. Kiongozi anayemlaumu karani kwa uzito wa kazi, kwanza akaketi katika kiti chake.