Kabla ya Kuvunja Ukuta: Hesabu ya Mlango wa Vioo



Katika miji yetu, tangu Lubumbashi hata Bukavu, jamaa nyingi zatamani kuwa na mlango mpana wa vioo, wenye mbawa mbili, utokao sebuleni kwenda barazani. Wafaransa huuita porte-fenêtre, yaani mlango ulio pia dirisha. Ni kitu kizuri, wala si dhambi kukitamani. Lakini katika mitaa ile ile twaona na jambo lingine: ukuta uliovunjwa, tundu lililozibwa kwa turubai na mabati, na mvua ikiingia sebuleni mwaka wa pili sasa. Mwenye nyumba aliishiwa na fedha katikati ya kazi.

Yezu mwenyewe alisimulia habari ya mtu kama huyo. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14, atutolea mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, naye hana budi kuhesabu gharama kwanza, asije akachekwa na watu kwa kuacha kazi nusu. Mfano huo wahusu mambo makubwa ya roho, lakini Bwana aliuchukua katika kazi za kila siku, kwa sababu wasikilizaji wake waliijua aibu hiyo. Nasi twaijua. Basi leo tuketi pamoja, baba na mama wa jamaa, na kalamu na daftari mezani. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

FAIDA YAKE NI NINI?

Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952 na kujulikana kwa herufi OCA, ilijenga maelfu ya nyumba katika miji ya Kongo. Tangu hapo jamaa nyingi zimejijengea nyumba zenyewe, kila moja kwa uwezo wake. Nyingi zina madirisha madogo, na sebule ni ya giza hata saa sita ya mchana. Mlango wa vioo waleta mwanga na hewa. Umeme ukikatika, mtoto aweza kusoma mezani mpaka jua linapokuchwa, bila mshumaa wala taa ya mafuta. Hii ni faida ya kweli, wala si ya majivuno.

Hata hivyo, tazama kwanza upande wa jua. Mlango unaoelekea mashariki hupokea jua la asubuhi, lililo pole. Ule unaoelekea magharibi hupokea jua kali la alasiri, na chumba huwa kama tanuru, isipokuwa baraza ina paa refu la kukinga. Paa hilo hukinga mvua pia. Mlango wa mbao usio na paa mbele yake huoza upesi, hata ukipakwa rangi kila mwaka.

NANI ANGOJE?

Kama bati lavuja, ngoja. Kama choo kimejaa, ngoja. Kama fedha ya masomo ya sekondari haijalipwa, ngoja. Mlango wa vioo hauwi fahari ya nyumba iwapo mtoto amerudishwa kutoka shuleni kwa deni. Tena kama ukuta una ufa, usithubutu kukata tundu kabla fundi mwashi hajautazama. Wakaaji wa Bukavu hawajasahau tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lililobomoa nyumba nyingi pande zote mbili za mpaka wa Rwanda. Ukuta uliotobolewa bila linta iliyo imara ni hatari kwa wote walalao ndani.

VITU VINAVYOSAHAULIWA

Wengi huenda kwa seremala, huuliza bei ya mlango, kisha hurudi nyumbani wakidhani wameijua gharama. Kumbe mlango wenyewe ni sehemu tu ya kazi. Tuvitazame vitu kimoja kimoja.

Kwanza, linta. Tundu lenye upana wa sentimita 150 lataka linta ya zege na nondo iliyolala juu ya ukuta sentimita 20 kila upande, yaani urefu wa sentimita 190. Zege huhitaji kulowanishwa maji siku za kwanza, nayo hufikia nguvu yake iliyokusudiwa katika muda wa siku 28. Anayeondoa mihimili ya kushikilia baada ya siku tatu ili aokoe wakati ajitafutia msiba.

Pili, mbao. Mvule, ambao wafanya biashara wa Kongo huuita kambala, hustahimili mchwa na mvua. Mkaratusi ni rahisi kwa bei, lakini hupindika sana ukitumiwa ungali mbichi. Ubao wo wote hupungua upana wake unapokauka. Kwa hiyo, ubao mbichi ukitengenezwa mlango leo, baada ya miezi michache mbawa hazifungi tena, na vioo hulegea au hupasuka. Ni afadhali kununua mbao mapema na kuzipanga chini ya paa, zikitengwa kwa vijiti ili hewa ipite, nazo zikauke huku wewe waendelea kuweka akiba.

Tatu, vioo. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali ya kisu, na katika nyumba yenye watoto wadogo jambo hilo si la mchezo. Kuna kioo kilichoimarishwa kwa moto, ambacho kikivunjika huwa chembe ndogo zisizo na makali mengi. Lakini hakikatwi tena baada ya kuimarishwa. Basi vipimo viwe sahihi kabla ya kukiagiza. Kuna na kioo cha tabaka mbili zilizogandamana, kama kile cha mbele ya motokaa: hupasuka bila kuanguka. Vyote viwili ni ghali kuliko cha kawaida. Asiyeviweza na aweke ubao katika sehemu ya chini ya mlango, mahali pafikiwapo na mpira na miguu ya watoto, na sehemu ya juu aigawe katika vioo vidogo vidogo. Kimoja kikivunjika, atanunua kimoja tu.

Nne, vyuma: bawaba, kitasa, na makomeo ya juu na ya chini kwa ubawa usiotumika kila siku. Kioo ni kizito. Kila ubawa upewe bawaba tatu, si mbili.

Tano, kizingiti. Kiwe juu kidogo ya sakafu ya baraza, nacho kiinamie nje, ili maji yasiingie ndani.

Sita, grili ya kuzuia wezi. Hapa ndipo hesabu za wengi huharibika. Hufurahia mlango mpya, na usiku wa kwanza hawapati usingizi. Kesho yake hukimbilia kwa mchomeleaji na kukopa fedha. Grili na iwemo katika hesabu tangu mwanzo, tena iwe na ufunguo ulio karibu, ili moto ukizuka jamaa isifungiwe ndani.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Kila mmoja aandike bei za soko la kwake. Twahesabu kwa dola, kwa kuwa wauzaji wengi wa vifaa vya ujenzi hutaja bei kwa dola.

Fremu na mbawa mbili, pamoja na kazi ya seremala: dola 180.
Vioo: dola 60.
Bawaba, kitasa na makomeo: dola 40.
Kuvunja ukuta, linta, kizingiti na mshahara wa mwashi: dola 70.
Grili: dola 90.
Vanishi na lakiri ya vioo: dola 20.
Uchukuzi: dola 20.

Jumla ni dola 480. Ongeza sehemu moja katika kumi kwa mambo yasiyotazamiwa, yaani dola 48. Yote pamoja ni dola 528. Tazama: seremala alitaja 180, na kazi nzima yataka karibu mara tatu! Jamaa yenye kuweka dola 44 kila mwezi itafika baada ya miezi 12. Ikiweza 22 tu, itafika baada ya miaka miwili. Hiyo si aibu. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi wanafunzi, hesabu hii ni yenu. Ubawa mmoja ukiwa na kioo tangu juu hata chini, chenye upana wa sentimita 55 na urefu wa 185, mbawa mbili zataka vioo vya meta mraba 2.035. Mkiweka ubao chini, na kioo kikabaki na urefu wa sentimita 130, zataka meta mraba 1.43. Mmeokoa karibu sehemu tatu katika kumi. Tena meta mraba moja ya kioo chenye unene wa milimeta 5 ina uzito wa kilo 12 na nusu. Tafuteni wenyewe bawaba zimepunguziwa kilo ngapi, kisha mwonyesheni baba jibu lenu kabla hajakwenda sokoni.

FEDHA ITOKE WAPI?

Wengi hutumia likelemba: wenzi kumi hutoa kila mmoja fungu lake, na kila mwezi mmoja hupokea yote. Ni njia njema, mradi wenzi ni waaminifu nawe wakumbuka kwamba fungu ulilopokea mapema ni deni. Lakini usiiweke akiba ya mwaka mzima kwa faranga ndani ya sanduku. Tangu faranga iliporudi mwaka 1998 mahali pa zaire, thamani yake mbele ya dola imeshuka sana, na aliyeweka noti bila kununua kitu aliona akiba yake ikiyeyuka. Ni afadhali kuigeuza kuwa vifaa kidogo kidogo: mwezi huu mbao, mwezi ule bawaba na kitasa. Saruji tu isinunuliwe mapema, maana huganda kwa unyevu. Vioo navyo viwe vya mwisho, kwa kuwa nyumba haina mahali pa kuviweka salama.

Juu ya mkopo, neno moja tu. Aliyekopa kwa ajili ya karakana yake aweza kulipa kwa kazi ya karakana hiyo. Mlango wa vioo hauzai hata senti moja.

MAPATANO NA FUNDI

Andikeni mapatano mbele ya shahidi: vipimo, aina ya mbao, siku ya kumaliza, na bei. Msimlipe fundi yote mwanzoni. Mpeni sehemu ya kuanzia, sehemu mbawa zinapokuwa tayari, na sehemu ya mwisho mlango ukiisha kufungwa na kufunguka vema. Lakini kazi ikiisha, lipeni siku hiyo hiyo, wala msitafute kasoro za uongo ili kupunguza. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba kumnyima mfanya kazi ujira wake ni kosa kubwa. Na Papa Pio XII aliiweka mwaka 1955 sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanya Kazi, tarehe 1 Mei. Yosefu naye alikuwa seremala, akailisha jamaa takatifu kwa mikono yake. Anayemdhulumu seremala na akumbuke ni kazi ya nani aidharauyo.

Kazi yenyewe ifanywe wakati wa kiangazi: Bukavu tangu Juni hata Agosti, Lubumbashi tangu Mei hata Septemba. Hapo zege hukauka bila kuoshwa na mvua, na tundu lililo wazi kwa siku chache halileti hasara.

Basi, wazazi, jioni moja wiki hii, baada ya sala, ketini wawili na daftari. Baba asipange peke yake na mama kupata habari siku nyundo inapogonga ukuta. Andikeni kila kitu, hata misumari. Kama jumla yapita nguvu zenu, lifungeni daftari bila huzuni, na ukuta wenu ukae mzima mpaka mwaka mwingine. Nyumba yenye ukuta mzima na watoto walio shuleni haijapungukiwa na kitu.